Vyuma vya baraza na roshani: piga hesabu kabla hujamwita fundi

Ukisafiri kutoka Kahama kupita Masumbwe hadi Ushirombo, au ukizunguka mitaa mipya ya Katoro na Geita mjini, utaona nyumba zilizoezekwa bati la rangi, zimepigwa plasta, zimetiwa vioo, watu wameshahamia, lakini roshani ya juu imezungushiwa kamba ya manila au mbao mbili za misumari. Mwenye nyumba atakuambia vyuma ni vya mwisho. Pesa ya machimboni huja kwa mkupuo na kukatika kwa mkupuo, na ikikatika, kinachokwama ni kile kilichopangwa mwisho. Kwa hiyo reli ipange siku ya kumwaga zege, hata kama chuma chenyewe utakinunua miaka miwili baadaye.

Sababu ni mguu wa nguzo. Hapo ndipo reli nyingi hung'oka. Kama jamvi la roshani au baraza bado halijamwagwa, mwambie fundi akate vibamba vya chuma vya sentimita 10 kwa 10, unene milimita 6, achomelee chini yake nondo mbili zilizokunjwa kama ndoano, na vifungwe kwenye nondo za jamvi kila mahali nguzo itakaposimama. Zege likimwagwa, vibamba hubaki juu vikisubiri. Visogeze ndani angalau sentimita 8 kutoka ukingoni, maana zege la ukingoni hupasuka kwanza. Gharama yake ni kipande cha bamba, mabaki ya nondo na kazi ya nusu siku.

Ukishachelewa, njia iliyobaki ni kutoboa na kufunga bolti zinazotanuka ndani ya zege, nne kwa kila nguzo. Ni njia nzuri, lakini bolti lazima ifike kwenye zege lenyewe. Vigae na saruji ya kulazia vigae vinakula sentimita nne hadi tano, na fundi mwenye haraka atakuwekea bolti fupi inayoishia humo. Siku ya kufunga simama naye umwone akipima kina cha tundu. Na usikubali nguzo ifungwe kwenye tofali la ukingo lililojengwa juu ya jamvi: hilo likisukumwa litaondoka na reli yake.

Kuna jambo la udongo ambalo watu wa Shinyanga wanalijua vizuri shambani na kulisahau kwenye kiwanja. Nyumba iliyo kwenye luseni, ule udongo wa kichanga, hutulia. Iliyo kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, hupanda masika na kushuka kiangazi, na baraza lenye msingi mfupi hupanda na kushuka peke yake, mbali na ukuta wa nyumba. Ukichomelea reli ya baraza moja kwa moja kwenye chuma kilichozikwa ukutani, ndani ya misimu miwili utaona ufa ukutani au kiungo kimekatika. Kwenye mbuga, nguzo ya mwisho isimame juu ya baraza lenyewe na iache upenyo wa sentimita mbili au tatu kutoka ukutani.

Urefu na upenyo

Kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka reli ya roshani iwe na urefu wa mita 1.1 na ya ngazi sentimita 90, na upenyo kati ya fito usiruhusu mpira wa kipenyo cha milimita 100 kupita. Kipimo hicho cha upenyo kinatokana na kichwa cha mtoto mdogo, na vichwa vya watoto wa Kahama havina tofauti na vya huko. Chukua vipimo hivyo. Kwa baraza la chini lililoinuka kidogo tu kutoka ardhini, mita moja inatosha. Pima kutoka juu ya kigae, si kutoka juu ya zege tupu, la sivyo siku ya kuweka vigae utapoteza sentimita tano bila kujua.

Fito zisimame wima. Mtindo wa siku hizi wa mabomba manne au matano ya kulala unapendeza kwenye picha, lakini mtoto wa miaka mitatu anaupanda kama ngazi. Hapa niseme jambo kuhusu mafundi wetu. Ukanda huu una wachomeleaji wazuri sana, na baadhi yao wamepitia kazi za migodini: Geita, Bulyanhulu, au Buzwagi kabla haujafungwa mwaka 2021. Kiungo cha fundi wa namna hiyo utakitambua kwa macho. Lakini reli aliyozoea ni ya njia za juu ya mitambo: bomba la juu, bomba moja la katikati na ubao wa chini wa kuzuia vifaa visidondoke. Imetengenezwa kwa mtu mzima aliyevaa kofia ngumu. Upenyo wake mtoto anapita amesimama. Ukimwachia fundi huyo achague, atakujengea kile anachokiamini, na atakijenga imara kabisa.

Chuma gani

Pwani, chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida haraka, na mtu wa Dar es Salaam anayeweka stenlesi anajua anachokikwepa. Sisi tuko mamia ya kilomita kutoka baharini. Chuma cha kawaida kilichosafishwa na kupakwa rangi vizuri kinadumu hapa miaka mingi, na hilo ndilo chaguo langu kwa nyumba nyingi za Shinyanga na Geita. Tofauti ya bei iweke kwenye unene wa bomba na kwenye mguu wa nguzo.

Ukitaka stenlesi kwa sababu unaipenda, hilo si kosa, lakini ujue unachonunua. Daraja la 304 lina nikeli ya karibu asilimia 8. Daraja la 201 nikeli yake imepunguzwa na nafasi yake kujazwa manganizi; ni rahisi zaidi, na likikaa kwenye mvua na vumbi huanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Wauzaji wengi watakupa sumaku ujaribu. Sumaku haikusaidii kutofautisha hayo mawili, kwani yote hayashikwi nayo, au hushikwa kidogo sana. Taka daraja liandikwe kwenye ankara. Pia hakikisha fundi ana mawe ya grenda ya stenlesi peke yake: jiwe lililokata chuma cha kawaida huacha chembe zinazootesha kutu juu ya bomba jipya, halafu lawama anabebeshwa aliyeuza.

Reli ya kioo nisingeishauri huku. Kioo kigumu cha usalama hakikatwi tena baada ya kupikwa, kwa hiyo hupimwa, huagizwa, hungojewa, na kikivunjika kimoja unaanza upya. Na vumbi la Julai hadi Septemba litakufanya uoshe kila siku.

Vinguzo vya urembo vya zege vinatengenezwa papa hapa kwa kalibu, havihitaji rangi ya kuzuia kutu na mwizi hawezi kuvibeba kupeleka kwenye vyuma chakavu. Tatizo ni uzito. Kwa baraza la chini, weka. Kwa roshani inayoning'inia nje ya ukuta, usiviweke kama mhandisi aliyepiga hesabu ya jamvi hakuambiwa kwamba vitakuwepo.

Na mabomba chakavu kutoka mitambo ya kuchenjulia dhahabu? Bei yake inavutia. Usilete nyumbani bomba ambalo hujui lilipitisha nini.

Hesabu kwa vipande

Fundi akikwambia bei ya mita, inakuwa vigumu kujua umelipia nini. Hesabu vipande. Chukua mfano wa baraza la kawaida: mbele mita 8, pembeni mita 2 kila upande, katikati ya mbele nafasi ya ngazi mita 1.5. Reli inayobaki ni mita 10.5, na inagawanyika pande mbili zinazofanana, kila upande mita 2 za pembeni na mita 3.25 za mbele.

Bomba la mraba, skwea paipu, huuzwa kwa kipande cha karibu mita 5.8 hadi 6; piga hesabu kwa 5.8 usije ukakwama. Nguzo na bomba la juu viwe milimita 40 kwa 40, ile ambayo dukani wataiita inchi moja na nusu. Bomba la chini 25 kwa 25. Fito 20 kwa 20. Nguzo zikiachana karibu mita moja, kila upande utakuwa na nguzo sita, jumla 12.

Kwa reli ya mita moja, nguzo inakatwa sentimita 95 na nusu, kwa sababu juu yake linakaa bomba la milimita 40 na chini yake kibamba. Kipande kimoja kinatoa nguzo sita kamili. Vipande viwili, nguzo zimekwisha. Bomba la juu la kila upande ni mita 5.25, kipande kimoja kila upande. Bomba la chini vivyo hivyo. Fito ni nane kwa kila nafasi kati ya nguzo, na nafasi ziko kumi, kwa hiyo fito 80. Bomba la chini likiinuliwa sentimita 8 kutoka sakafuni, kila ufito una urefu wa sentimita 85 na nusu, na kipande kinatoa sita. Themanini kwa sita ni vipande 14.

Jumla: vipande vinne vya 40 kwa 40, viwili vya 25 kwa 25, na 14 vya 20 kwa 20. Ongeza kimoja cha fito kwa makosa ya kukata. Ongeza vibamba 12 na bolti 48. Sasa nenda dukani na karatasi hiyo, uliza bei ya kila kipande, na ndani ya dakika kumi utajua gharama ya vifaa vyako vizuri kuliko fundi anayekadiria kwa macho.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Tuseme unataka mita 1.1 badala ya mita moja. Ufito unakuwa sentimita 95 na nusu, na kipande bado kinatoa sita. Nguzo ndizo zinazobadilika: sasa kipande kinatoa tano badala ya sita, kwa hiyo unahitaji vipande vitatu vya nguzo badala ya viwili. Sentimita kumi za usalama, baraza zima, zinagharimu kipande kimoja cha ziada. Fundi atakayekuambia reli ya mita 1.1 inapandisha bei kwa asilimia kumi hajapiga hesabu, au ameipiga.

Peleka mizani

Unene ndipo mnunuzi anapoibiwa. Bomba la geji 16 lina ukuta wa karibu milimita 1.6, geji 18 karibu 1.2, geji 20 karibu 0.9; namba ikipanda, chuma kinapungua. Kwa nje yote yanafanana, na likishapakwa rangi hakuna anayejua. Lakini uzito haufichiki. Kipande cha 40 kwa 40 cha mita 5.8 chenye ukuta wa milimita 1.5 kina kilo 10 na nusu. Kikiwa na milimita 1.2 kina kilo 8 na nusu. Kikiwa na milimita moja kinashuka hadi kilo 7. Ufito wa 20 kwa 20 wa milimita 1.2, kipande kizima, ni kilo 4; wa milimita 0.9 ni kilo 3. Geita ilifungua soko lake la madini Machi 2019 ili dhahabu ipimwe mbele ya muuzaji na mnunuzi. Chuma nacho kipimwe mbele yako. Mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa mpunga au pamba inatosha.

Nguzo na bomba la juu visipungue milimita 1.5. Fito zinaweza kuwa 1.2. Chini ya hapo kijiti cha kuchomelea kinatoboa ukuta wa bomba, na fundi huziba tundu kwa kurundika chuma juu yake. Kiungo kinaonekana kinene, kumbe hakina nguvu.

Wapi pa kununua? Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, gari la kutoka Mwanza kwenda Geita halingoji tena kivuko, na watu wengi wanafikiri kufuata bei ya Mwanza. Kwa baraza la mfano wetu, chuma chote kina uzito wa karibu kilo 110. Nauli ya kirikuu kwa mzigo huo itameza nafuu yote. Nunua hapo hapo ulipo. Kwa ghorofa yenye roshani mbili, ngazi, grili na geti kwa pamoja, safari inaweza kulipa. Popote ununuapo, uliza kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ndani yake, na uondoke na risiti ya mashine.

Rangi

Bomba jipya lina mafuta ya kiwandani. Rangi ikipakwa juu ya mafuta hayo itabanduka kama ganda ndani ya mwaka. Lifutwe kwa tina, viungo vigongwe gaga la kuchomelea na kusagwa kwa grenda, pote papigwe msasa, ndipo rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyo hiyo. Mikono miwili ya rangi ya kuzuia kutu, miwili ya rangi ya mafuta. Kwa mfano wetu uso wote ni karibu mita 10 za mraba, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 ya kila aina inatosha na itabaki ya marekebisho. Fundi akikutajia galoni tatu, muulize anapaka reli au nyumba.

Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kupaka, ila upepo wa mchana hubeba vumbi. Kazi ianze asubuhi. Chini ya bomba la juu na nyuma ya nguzo za ukutani papakwe kabla ya kufunga, kwa sababu baadaye brashi haifiki. Na kichwa cha kila nguzo kifunikwe na kuchomelewa mzunguko mzima: maji yakiingia ndani ya bomba hayatoki, na kutu huanzia ndani usikokuona.

Malipo

Nunua vifaa mwenyewe, fundi mlipe ufundi. Mkataba uwe wa maandishi hata kama mnajuana, uandike ukubwa wa mabomba, unene, urefu wa reli, upenyo wa fito, mikono ya rangi na tarehe. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia. Mimi hupendelea theluthi ya ufundi ilipwe kazi inapoanza, theluthi ya pili reli ikiwa imesimama lakini viungo vyake havijapakwa rangi, na ya mwisho rangi ikikauka. Hatua ya katikati ndiyo muhimu, kwa sababu viungo vibaya huonekana kabla ya rangi. Piga kila ufito kwa mkono. Mwite mtu mzima mwenzako muegemee bomba la juu pamoja, kwa nguvu, katikati ya nguzo na nguzo. Likitikisika mguuni, kazi haijaisha.

Weka akiba ya asilimia kumi juu ya jumla. Humo mtatoka mawe ya grenda, umeme wa luku, na kile kigae kitakachopasuka wakati wa kutoboa.

Kama pesa haitoshi kwa yote, anza na roshani ya juu, kisha ngazi za nje, kisha baraza la chini. Mapambo, mikuki na maua ya chuma vije mwisho kabisa au visije. Pesa ikiingia ghafla, ni bora kununua mabomba yote kwa siku moja kuliko kuiacha mfukoni ikiyeyuka, mradi uyahifadhi ndani, juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu. Hapo utapata pia unene mmoja kwa kazi nzima.

Mambo mawili kwa walio kandokando ya barabara kuu, hasa wenye nyumba za maduka. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na baraza au ngazi inayoingia humo inaweza kuandikwa X hata kama nyumba yenyewe iko salama. Pima kabla ya kutumia shilingi. Na kama unaongeza roshani au ngazi ambayo haimo kwenye ramani iliyopitishwa, nenda kwanza kwa mhandisi wa halmashauri, maana jamvi lililopo huenda halikuhesabiwa kubeba uzito huo.

Reli ikishafungwa, chomelea nati zote za bolti ili zisifunguliwe kwa spana usiku. Biashara ya vyuma chakavu haiulizi mali imetoka wapi. Kisha kila mwaka mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, zunguka na msasa na kopo la rangi iliyobaki, uanzie miguuni mwa nguzo.